Mwongozo kamili: kutengeneza mfumo wa umeme wa gitaa lenye tumbo wazi

Gitaa la umeme la ubao mzima halina siri. Unafungua skrubu chache za kifuniko cha nyuma na kila kitu kiko mbele ya macho. Gitaa la tumbo wazi halikupi nafasi hiyo. Poti za sauti na toni (vipuri vinavyozungushwa kwa vifundo), swichi na jeki (tundu la kuchomeka waya) vimefungwa kutokea ndani, chini ya ubao wa mbele, na mara nyingi njia pekee ya kuvifikia ni tundu la f (uwazi wa umbo la herufi f kwenye ubao wa mbele) au shimo la pikapu, yaani kinasa mtetemo wa nyuzi. Saketi yenyewe ni nyepesi kuliko ya redio ndogo, ila kuifikia ndiyo shughuli. Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia ni hii: kila kinachoweza kufanyika nje ya gitaa kifanyike nje na kipimwe nje, kisha tumboni uingie mara moja tu.

Jua unashughulika na gitaa gani

Geuza gitaa utazame mgongoni. Baadhi yana kifuniko kidogo nyuma, na ukikikuta, nusu ya mwongozo huu hutaihitaji. Kama hakuna, mulika tochi kwenye tundu la f na uingize kioo kidogo kama kile cha daktari wa meno. Utaona poti zinavyoning'inia na waya zinakopita.

Gibson ES-175, iliyotoka mwaka 1949, na Epiphone Casino ni tupu kabisa ndani, kwa hiyo fungu la waya linapita popote. Gibson ES-335 ya mwaka 1958 ilikuja na gogo la mti katikati, kutoka shingoni hadi mkiani, na magitaa mengi ya leo yamefuata mtindo huo. Kwenye aina hii upande mmoja wa tumbo umetengana na mwingine, na waya hupita kwenye vijia vilivyotobolewa. Mengine yamekatwa gogo chini ya pikapu ya darajani ili mfumo uingilie hapo. Ukikuta hivyo, tumia shimo hilo, maana ni pana kuliko tundu la f.

Pima pia upana wa tundu la f kwa rula. Poti kubwa ina kipenyo cha milimita 24 hivi, ndogo 16. Kuna matundu ya f ambayo poti kubwa haipiti hata ukiigeuza vipi, na hilo ni bora ulijue kabla hujanunua vipuri.

Pima kabla ya kulegeza hata nati moja

Anza na waya wa gitaa na amplifaya. Badilisha vyote viwili kabla ya kulilaumu gitaa. Na kama nyuzi zinakupiga shoti, hata kidogo, acha kila kitu. Nyuzi zimeunganishwa na mwili wa amplifaya kupitia waya wa ardhi, kwa hiyo shoti inatoka kwenye amplifaya au kwenye soketi ya ukutani. Hapo gitaa halina kosa, na kulitumia katika hali hiyo kunaweza kuua.

Sasa sikiliza. Kukwaruza unapozungusha kifundo ni uchafu ndani ya poti. Sauti inayokatika ukitikisa plagi ni jeki. Inayokatika ukigusa swichi ni swichi. Mvumo una maelezo zaidi: ukipungua unapogusa nyuzi, waya wa ardhi unafanya kazi yake. Ukiongezeka unapogusa nyuzi, yawezekana waya mbili za jeki zimebadilishana nafasi. Usipobadilika kabisa, waya unaounganisha mkia wa gitaa (chuma kinachoshika ncha za nyuzi) na ardhi umekatika au umelegea.

Baada ya masikio, chukua multimita. Hapa ndipo watu wengi hupoteza siku nzima kwa kukimbilia bisibisi, wakati gitaa linaweza kukueleza karibu kila kitu bila kufunguliwa. Chomeka waya kwenye gitaa, upande wa pili uache huru. Weka multimita kwenye kipimo cha ukinzani cha kilo-omu 20. Ncha moja iguse kichwa cha plagi, nyingine shina lake. Zungusha sauti hadi mwisho na uchague pikapu moja. Kifundo cha toni hakina athari, kwa sababu kapasita haipitishi mkondo mnyoofu wa multimita.

Pikapu ya koili mbili kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 7 na 9, na P-90, pikapu ya koili moja, huangukia humohumo. Pikapu za Filter'Tron za Gretsch ziko chini zaidi, kama 4 hadi 5. Ukiweka swichi katikati, namba ishuke hadi karibu nusu, kwa kuwa pikapu mbili zimeungana sambamba.

Ikisoma sifuri kila mahali, waya wa sauti unagusa ardhi sehemu fulani, na mshukiwa wa kwanza ni jeki. Ikisoma karibu kilo-omu 500 kwa pikapu moja (panua kipimo uione), poti ni nzima ila pikapu au waya wake umekatika. Isiposoma chochote kwenye nafasi zote za swichi, kuna waya uliong'oka kati ya swichi na jeki. Namba ikirukaruka unapotikisa plagi, jeki imelegea au ulimi wake hausukumi vizuri.

Kipimo kingine ninachokipenda: weka multimita kwenye kilo-omu 200, pikapu moja imechaguliwa, kisha rudisha kifundo cha sauti polepole kutoka mwisho hadi sifuri. Kwenye saketi ya kawaida yenye poti ya kilo-omu 500, namba hupanda hadi kupita 100, kisha hushuka hadi sifuri. Ipande na ishuke kwa utulivu. Pale inaporuka ndipo penye uchafu au palipolika.

Mwisho, gusa mkia wa chuma kwa ncha moja na shina la plagi kwa nyingine. Isome karibu sifuri, la sivyo waya wa ardhi haupo kazini.

Jambo moja si ubovu, ingawa wengi hulipeleka kwa fundi: swichi ikiwa katikati, ukizima sauti ya pikapu moja, zote mbili zinanyamaza. Ndivyo saketi ya sauti mbili na toni mbili inavyofanya kazi.

Marekebisho yasiyohitaji kutoa kitu

Ubovu wa kawaida kuliko wote ni nati ya jeki iliyolegea. Mwenye gitaa huikaza kwa vidole au koleo, jeki nayo inazunguka ndani, waya zinajisokota, na siku moja zinakatika. Kabla ya kuikaza, chomeka plagi imara na uibane kwa pembeni kidogo ili izuie jeki isizunguke, ndipo uzungushe nati kwa spana. Ukihisi jeki bado inazunguka, simama. Itabidi itolewe.

Jeki chafu isafishe kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa spiriti ya isopropili. Swichi isafishe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ile isiyoacha mafuta mazito, ukiipuliza tone dogo kupitia tundu la f kwa mrija wake mwembamba, kisha ubonyeze swichi huku na huku mara nyingi. Poti ina upenyo mdogo karibu na miguu yake, na hapo ndipo dawa inapotakiwa kuingia. Kuipuliza juu, kwenye shina, kunaosha grisi tu na hakufiki panapokwaruza. Funika ubao wa mbele kwa kitambaa kabla ya kupuliza: rangi ya nitroselulosi ya magitaa ya zamani huharibiwa na baadhi ya dawa hizi, na doa lake halifutiki.

Kukwaruza kukirudi baada ya siku chache, poti imelika. Ibadilishe.

Kutoa mfumo

Kwenye magitaa mengi yaliyo tupu kabisa ndani daraja halijafungwa. Limekalishwa tu juu ya ubao, likishikwa na mkazo wa nyuzi. Bandika selotepu ya karatasi kuzunguka miguu yake kabla ya kulegeza nyuzi, ili baadaye lirudi palepale. Legeza nyuzi zote kidogo kidogo kwa zamu, bana kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya kwanza ili zisichomoke vichwani, kisha zivue mkiani.

Piga picha za ndani kwa simu kupitia tundu la f, kwa pembe tofauti.

Vifundo vichomoe kwa kitambaa chembamba: kiviringishe chini ya kifundo, kishike pande mbili, vuta juu wima. Bisibisi iliyochomekwa pembeni huacha alama kwenye rangi na huweza kupasua kifundo. Nati zifungue kwa spana ya boksi inayoenea sawasawa.

Sasa hatua inayookoa kazi nzima. Nati na washa (pete bapa ya chini ya nati) vikishatoka, na kabla hujaisukuma poti ndani, chomeka kwenye shina lake mpira mwembamba wa plastiki unaobana, kama ule wa hewa wa tangi la samaki, urefu wa sentimita 50. Chagua ambao nati inaweza kupita juu yake, utaona sababu wakati wa kurudisha. Andika namba kwenye kila mpira: sauti ya shingoni, sauti ya darajani, toni ya shingoni, toni ya darajani. Sukuma poti ndani, itoe kupitia tundu la f mpira ukiifuata, uichomoe, na uuache mpira umepita kwenye shimo lake hadi nje ya tundu la f. Swichi na jeki vifungie uzi imara wa nailoni kwa namna hiyohiyo. Bila njia hizi zilizoachwa, kurudisha poti kwenye shimo usiloliona ni mateso ya saa nyingi.

Pikapu zifungue kutoka juu. Kata au yeyusha waya zake kwenye poti pale tu ulipochora zinapokwenda.

Jenga juu ya kadibodi

Mashimo yakiwa wazi, laza karatasi juu ya ubao na usugue penseli pembeni mwa kila shimo hadi michoro ya mashimo itokee. Ibandike kwenye kadibodi ngumu na utoboe. Kisha igeuze. Hapa wengi hukosea: mchoro umechukuliwa kutoka mbele ya gitaa, lakini utalehemu ukiwa upande wa nyuma. Chomeka poti kutokea nyuma ya kadibodi, mashina yatokee upande wenye mchoro, na miguu ikuelekee wewe. Sasa nafasi zote zinafanana na za ndani ya gitaa.

Vipuri: kwa koili mbili, poti za kilo-omu 500. Kwa koili moja zenye sauti kali, 250 hupooza makali. Herufi A kwenye poti, kama A500K, humaanisha inapanda kwa mkunjo unaoendana na sikio. B hupanda kwa mstari ulionyooka. Kwa sauti nachagua A bila kusita, kwa sababu B huonekana kufanya kazi yote kwenye sehemu ndogo ya mzunguko. Kapasita ya toni ni mikrofaradi 0.022, iliyoandikwa 223, au 0.047, iliyoandikwa 473, inayokata makali zaidi. Kabla ya kununua pima kipenyo cha shimo na unene wa ubao: magitaa mengi yana mashimo madogo ya poti za milimita, na poti ya vipimo vya inchi haiingii bila kupanua mbao. Shina nalo lilingane na kifundo chako.

Poti ya sauti, ikitazamwa kwa nyuma miguu ikielekea kwako: mguu wa kushoto unapokea pikapu, wa kati unakwenda kwenye swichi, wa kulia unakunjwa na kulehemiwa kwenye mgongo wa poti, ambao ndio ardhi. Poti ya toni: mguu wa kulia ardhini, na kapasita inatoka mguu wa kati kwenda kwenye poti ya sauti. Ukiiunga kwenye mguu wa kushoto wa sauti, huo ni mtindo wa kisasa. Ukiiunga kwenye mguu wa kati, ni mtindo wa miaka ya 1950, ambao hubakiza ung'avu unapopunguza sauti. Binafsi kwenye gitaa la tumbo wazi nachukua wa 1950, kwa sababu aina hii hupigwa sana sauti ikiwa imepunguzwa, na ndipo mtindo wa kisasa huanza kuzamisha nyuzi za juu.

Tumia waya wenye wavu wa shaba nje, kwa kuwa tumbo wazi halina chumba kilichokingwa dhidi ya mvumo. Wavu huo ndio ardhi inayounganisha poti zote. Ubaya wake ni kwamba ukigusa mguu wa sauti, gitaa linanyamaza kabisa, kwa hiyo vika mpira unaosinyaa kwa joto kila mahali unapopita karibu na miguu. Urefu wa kila waya uwe umbali wa mashimo pamoja na sentimita 5 hivi. Mfupi mno hauruhusu poti kupita tundu la f, mrefu mno utagonga ubao na kulia kila ukipiga nyuzi nene.

Kulehemu

Chuma cha kulehemu kiwe kwenye nyuzi joto 350 hadi 370, ncha ikiwa safi na inang'aa. Lehemu ya 60/40 (bati na risasi) huyeyuka karibu na nyuzi 190, isiyo na risasi hutaka zaidi ya 215. Mgongo wa poti ni bati pana linalonyonya joto, kwa hiyo kwaruza sehemu ndogo kwa msasa, paka flaksi (dawa inayosaidia lehemu kushika), weka ncha pana na si ile ya sindano. Pasha chuma, kisha gusisha lehemu kwenye chuma kilichopashwa. Usiidondoshee kutoka kwenye ncha. Itambae kama maji juu ya bati. Ikijikusanya kama tone la umande, haijashika, na kiungo hicho ndicho kitakachokatika ndani ya gitaa wiki ijayo. Usikae zaidi ya sekunde 4 au 5, maana joto jingi huua njia ya kaboni iliyomo ndani ya poti. Fungua madirisha, na nawa mikono kabla ya kula chochote.

Jaribu nje

Unganisha pikapu kwa muda kwa klipu za mamba, chomeka waya, amplifaya ikiwa chini. Gonga taratibu juu ya pikapu kwa bisibisi ya chuma. Inatakiwa usikie mlio wa wazi kwa pikapu iliyochaguliwa tu, na kifundo chake ndicho kiipunguze. Zungusha kila kitu, badilisha swichi, tikisa kila kiungo kwa kijiti cha mbao. Rudia vipimo vyote vya multimita. Kuna mvumo kwa sasa, kwa sababu nyuzi hazijaunganishwa, usihangaike nao. Lakini lolote lingine linalokutia shaka lishughulikie hapahapa. Mfumo wenye shaka ukiuingiza, utautoa tena.

Kurudisha

Pitisha waya za pikapu kwenye mashimo yake, uzitoe nje kwenye tundu la f, kisha uzilehemu kwenye poti ukiwa umefunika ubao kwa taulo nene. Usisahau waya wa ardhi wa mkiani. Kwa kawaida hupita kwenye tundu dogo na kubanwa chini ya mkia, na ncha yake lazima iguse chuma kisicho na rangi.

Vika washa yenye meno kwenye kila poti upande wa ndani. Hiyo ndiyo itakayoizuia isizunguke. Anza na kinachokwenda mbali zaidi na tundu la f, mara nyingi swichi, kisha jeki, kisha poti. Kwa jeki, ingiza uzi wa nailoni kupitia tundu lake kutoka mbele, utokee nyuma, na ufunge washa pana kwenye ncha. Ukivuta kutoka nje, jeki inakuja yenyewe hadi shingo yake itokeze. Poti zichomeke kwenye mipira yao, ziingize ndani moja moja, uvute mpira huku mkono mwingine ukiziongoza kwa kijiti kupitia tundu la f. Shina likitokeza, telezesha washa na nati juu ya mpira bila kuuachia, kaza kwa vidole, ndipo uchomoe mpira. Zungusha shina hadi mwisho mmoja na ulishike kwa kitambaa wakati unamalizia kwa spana. Usikaze kwa nguvu, maana ubao wa mbele ni mwembamba na hupasuka.

Kabla ya kufunga pikapu, chomeka waya ujaribu tena kwa bisibisi. Kitu kikiwa kimya sasa, karibu kila mara ni wavu wa shaba uliogusa mguu wa sauti wakati wa kuingia, au ulimi wa jeki unaogusa ubavu wa tumbo. Mulika tochi utazame kabla ya kutoa chochote.

Funga pikapu, rudisha daraja ndani ya alama zako, nyuzi mkiani, toa kapo, kaza kwa zamu hadi zilingane. Ukibadilisha pikapu na nafasi ya katikati ikatoa sauti nyembamba isiyo na mwili, pikapu mbili zinapingana awamu, yaani mawimbi yake yanafutana. Badilishana nafasi za waya mbili za mojawapo, mradi wavu wake si mmoja wa hizo mbili.

Halafu piga uzi mnene kwa nguvu, freti moja baada ya nyingine, amplifaya ikiwa imezimwa, na sikiliza tumboni. Ukisikia mlio wa kitu kinachogonga kwenye noti moja tu, kuna waya au kapasita inayogusa ubao. Ingiza kipande kidogo cha sponji laini kupitia tundu la f, ukisukume kwa kijiti kati ya waya na mbao, kisha piga noti ileile tena hadi mlio utoweke.